Mwaka Niliojifunza Neno Vuelve

Nilipofika Eldas, Dahabo alikuwa ameshazikwa. Wanawake waliokuwa kwenye msiba walinikalisha mkekani, wakanitia kikombe cha chai mkononi kabla sijamaliza kuitikia salamu zao, na bado nilikuwa naipuliza ile chai nilipomsikia Dahabo akicheka chumbani. Lilikuwa cheko lake hasa, lile la kuanzia puani na kukatika ghafla. Kisha akaanza kusema Kihispania, haraka haraka, akilalamika juu ya mbuzi aliyetafuna kamba ya nguo. Niliganda. Mama mmoja kando yangu akanigusa goti. "Usishtuke, abaayo, dada yangu," aliniambia kwa Kisomali. "Ni mwanawe. Ana sauti za mama yake kwenye simu, anazifungua tangu asubuhi. Tumemwomba amwache mama apumzike, hataki. Wengine hapa hawataki hata kukaa karibu na ule mlango."

Niliinuka nikaenda kwenye ule mlango. Yoel alikuwa ameketi sakafuni, mtu mzima sasa, mvi za kwanza zimemtoka kidevuni, kikoi chake kimefungwa vibaya kama anavyokifunga tangu alipokuja kuishi na mama yake Eldas na kufanya kazi ya kutengeneza pampu za visima. Alisogea nikapata nafasi, akaiweka simu kwenye goti lake, na tukakaa pale tukimsikiliza mtu aliye kaburini akitukumbusha kununua sabuni. Wanawake wa nje waliogopa, nami siwalaumu. Mimi nilikuwa nimeshalisikia jambo hili zamani likiwa limegeuzwa. Kulikuwa na mwaka mmoja Garissa ambapo nililala nyuma ya ukuta wa Dahabo, na mwaka ule mtoto ndiye aliyekuwa sauti tupu, na mama ndiye aliyekaa sakafuni akisikiliza.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja kuitwa chuo, na nilikuwa nakaa kwa Eeddo Sahara, shangazi yangu, katika ua wa vyumba vya kupanga upande wa mtoni. Chumba chetu kilikuwa na kitanda cha chuma alicholalia Eeddo, godoro langu lililoviringishwa mchana kutwa, na kabati lenye kioo kilichopasuka ambacho kilimpa kila mtu nyuso mbili. Ukuta uliotutenga na mpangaji wa chumba cha pili haukufika juu. Kati ya mwisho wa matofali na bati palikuwa na uwazi wa kutosha kupitisha mkono, na kupitia hapo tulijua jirani anapika nini, anakohoa namna gani, anasali saa ngapi. Tulijua kwamba anaishi peke yake. Tulijua ni Mworomo kutoka ng'ambo ya mpaka, kwamba ana ndugu huko Eldas, kwamba anatibu mifugo sokoni, na kwamba watu wa soko wanamwita Dahabo Kuba. Tulijua mengi hivyo, na ndiyo maana niliposikia mtoto akisema ndani ya chumba kile, Ijumaa moja baada ya watu kurudi msikitini, nywele zilinisimama.

Mtoto alikuwa akihesabu. Maneno sikuyajua, hayakuwa Kisomali wala Kiarabu wala Kiingereza, lakini kuhesabu kuna mwendo wake, hata lugha usiyoijua utaitambua. Kuku wakalia, na uani kwetu hatukuwa na kuku. Mtoto akaimba kidogo, akasahau, akacheka. Kisha akasema maneno mawili kwa sauti ya chini, mwanamke fulani akaanza kumjibu kwa mbali, na kila kitu kikakatika kama mtu aliyefungiwa mlango. Nilimtazama Eeddo. Alikuwa ameshika ufagio bila kufagia.

"Umemsikia?" akaniuliza.

"Mtoto wa nani?"

"Ndilo swali hilo, Shukri. Yule hana mtoto."

Mchana ule alimkamata mwalimu mmoja Mkamba aliyepanga chumba cha mwisho, akamsemesha kwa Kiswahili chake, nami nikawa nasikia nikiwa kwenye jiko la makaa. "Mwalimu, wewe nasikia hii mtoto? Mimi nasema, hii si mtoto ya watu. Chumba iko na mtu moja, beke yake." Mwalimu akasema labda ni redio. "Redio gani nangoja Ijumaa, mwalimu? Redio gani nasema na mama yake?" Basi Eeddo akachoma ubani kizingitini petu, na juma lililofuata akamwita mzee mmoja aje kusoma Kurani uani. Dahabo mwenyewe alitoka na birika, akammiminia mzee chai, akaketi kwa adabu kando ya Eeddo, akaitikia amina kila mahali panapostahili. Ijumaa iliyofuata mtoto alihesabu kama kawaida.

Mwaka ule mvua ziliponyesha hazikujua kuacha. Mto Tana ulitoka mahali pake, barabara ya Nairobi ikakatika, nyaya za simu zikaanguka, na mbu wakawa wengi hata chai tuliinywa chini ya chandarua. Mifugo ilikuwa inaharibu mimba. Eeddo alikuwa na mbuzi mmoja aliyemfunga nyuma ya ua, na asubuhi moja mbuzi yule alishindwa kuzaa, akalala kwenye tope na kulia kama binadamu. Dahabo alikuja bila kuitwa. Alikunja mikono ya nguo yake, akaniambia nishike kichwa, akaanza kumtafuta mtoto kwa vidole huku akimbembeleza mbuzi polepole: "Eso, mamita, eso." Nikaitambua mara moja. Ilikuwa lugha ya kule ukutani. Mwanambuzi alipotoka, mzima, amelowa, nikauliza kabla sijajizuia, "Hiyo ndiyo lugha ya mtoto?"

Dahabo alinigeukia. Mvua ilikuwa inampiga usoni wala hajifuti. "Kumbe mnamsikia," akasema.

"Sote tunamsikia."

"Anasikika vizuri? Maneno yake?"

Nilidhani angekasirika. Kumbe alikuwa na hamu. Siku iliyofuata aliniita chumbani kwake kwa chakula cha mchana. Hakukuwa na la kutisha mle ndani: mkeka, sanduku la bati, chupa za dawa za mifugo zimepangwa dirishani, na redio kaseti nyeusi imefunikwa kitambaa safi kama mkate. Alinipa anjera, ile mikate laini, na nyirinyiri, nyama iliyokaushwa, ndani ya samli, akanimiminia maziwa ya ngamia, na nilipokuwa nakula akanisimulia, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kisomali, jinsi ilivyokuwa. Alifiwa na wazazi vitani akiwa mtoto. Serikali ya huko kwao ilikusanya watoto kama yeye, ikawapakia melini, ikawapeleka Kuba kusoma. Alikulia kule katika shule ya bweni iliyozungukwa na michungwa. Akasomea kutibu wanyama, akaolewa na kijana wa huko, akazaa mtoto wa kiume. Mume alifariki baharini. Baadaye utawala wa kwao ukaanguka na wanafunzi wakaambiwa warudi, ndege ipo, mtoto hana karatasi za kusafiria. Bibi wa mtoto, mama wa yule mume, akasema mwache kwangu, utakuja kumchukua. "Nilikuwa nimemwachisha ziwa juzi tu," Dahabo alisema. Kutoka Adis hadi kwa ndugu zake Eldas, kutoka Eldas hadi Garissa, kila hatua ilimsogeza mbali zaidi na kule alikotaka kwenda. Kaseti aliletewa na mwenzake wa shule aliyechelewa kurudi. Mtoto alikuwa ameanza kusema wakati huo. Sasa, alisema, atakuwa anakaribia kimo cha mlango wa jiko.

Akakifunua kitambaa, akabonyeza. Nilimsikia Yoel kwa mara ya kwanza bila ukuta kati yetu. Nambari, kuku, wimbo, cheko. Kisha yale maneno mawili: Mamá vuelve. Dahabo akaizima mara tu sauti ya yule mwanamke ilipoanza.

"Hayo mawili," akasema. "Yananiua."

Mamá nililielewa. Akanieleza la pili. Kitenzi chenyewe ni volver, kurudi. Lakini ukikitumia, alisema, kile o cha katikati kinavunjika na kuwa ue: mimi vuelvo, wewe vuelves, yeye vuelve. Taabu ni kwamba vuelve ni yeye anarudi, na vuelve hiyo hiyo ni amri, rudi! Kiswahili kina huruma, kinatenganisha: anarudi ni kitu kimoja, rudi ni kingine, hata mlevi hawezi kuvichanganya. Kihispania kinakuachia sauti tu. Akitulia kidogo baada ya mamá, anamwita mama yake: Mama, rudi. Asipotulia, anatoa habari: Mama anarudi. "Na mtoto mdogo anatulia mahali popote, akimeza mate, akitazama kuku. Ijumaa moja nasikia ananilaumu. Ijumaa nyingine nasikia ana imani na mimi. Sijui kipi kinauma zaidi. Sikio langu ni la mama, haliaminiki. Nataka sikio lingine, Shukri. Lakini sikio lisilojua lugha halinifai." Ndipo nilipoelewa kwamba anjera ile ilikuwa na kazi. Alitaka kunifundisha lugha nzima ili nije nisikilize maneno mawili.

Nikakubali. Nilikuwa na umri ambao mtu hajui kukataa jambo kubwa. Kila siku baada ya alasiri nilivuka kutoka mlango wetu hadi mlango wake, Eeddo akinifuata kwa macho na kunisomea dua mgongoni. Leo ni mwalimu wa lugha, nimefundisha vitenzi kwa watoto wa watu wengi, na bado sijaona mtu aliyefundisha kama yule. Hakuwa na kitabu. Alifundisha kwa kilichokuwepo. Sisi watu wa huku p hutugeukia b na v hutugeukia f, na shuleni wenzangu kutoka bara walinicheka kwa hilo hadi nikawa nanyamaza darasani. Nilipotamka fuelfe, Dahabo alitikisa kichwa. "Kule v hawaisemi. Wanasema bwelbe. Midomo iguse kidogo tu." Nikasema bwelbe. "Hivyo hivyo!" akapiga makofi. Nilitoka nje siku ile nikiwa nimesimama wima, maana kulikuwa na nchi nzima ya watu wasioiweza herufi iliyonishinda mimi, wala hakuna aliyewacheka.

Neno lile lilikuwa kila mahali. Bati lilipoanza tena kupigwa na mvua angesema vuelve a llover, inanyesha tena, kwani vuelve ikifuatwa na kitenzi kingine inakuwa kufanya jambo upya. Maziwa yaliyosahauliwa kwenye kibuyu, la leche se vuelve agria, yanageuka kuwa chachu. Mbwa aliyeitwa akageuza kichwa, se vuelve. "Na yule," akasema siku moja, akielekeza kidole kwenye ule uwazi wa juu ya ukuta, ambako tulijua Eeddo anasikiliza, "se vuelve loca. Anakuwa kichaa." Tukacheka hadi Eeddo akagonga ukuta. Nilimuuliza kama kitenzi hicho hakina mahali kinapobaki kizima. Akafikiri. "Kwa sisi," akasema. "Nosotros volvemos, tunarudi. Pale hakivunjiki." Akaendelea kuchambua mchele, na hatukusoma zaidi siku ile.

Nje ya masomo nyumba ilikuwa nzito. Nilianza kuliota lile neno. Nikiwa nachota maji nilisikia mtoto akiita nyuma yangu, nikageuka, hakuna mtu. Eeddo akasema anaona nimekonda. Siku moja nilimsikia akimwambia Dahabo mlangoni, kwa Kisomali, kwa upole ambao hakuwahi kuuonyesha hadharani: "Dahabo, mimi pia nilizika wawili. Nakuomba, mtoto wako usimfanye maiti anayesema. Kama yu hai, mtafute. Kama hayupo, mwache." Dahabo akajibu kwamba anaogopa. Eeddo akamuuliza anaogopa nini. Sikulisikia jibu. Nilisikia tu Eeddo akisema haye, haye, kama mtu anayembembeleza mgonjwa, na tangu hapo hakumwita tena mtoto wa watu jini.

Mvua zilipoanza kupungua, Dahabo alisema nimekuwa tayari. Aliweka redio katikati ya mkeka, akatoka nje, akafunga mlango nyuma yake. Alitaka nisikilize bila kuuona uso wake. Chumba kilikuwa na joto, na harufu ya dawa ya kupe ilinishika kooni. Nilisikiliza, nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Mara ya kwanza nilimsikia akimwita mama yake, na machozi yakanitoka. Nikayafuta, nikarudisha. Safari hii niliyaacha yale maneno mawili, nikasikiliza yaliyoyazunguka. Alipokuwa akihesabu na kuimba sauti yake ilikuwa karibu, mdomo uko kwenye kinasa sauti. Kwenye yale mawili ilikuwa imekwenda kando. Mtoto alikuwa amegeuza uso kumtazama mtu. Na vuelve ile ilikuwa ngumu mwishoni, kama mguu unaopigwa chini. Dahabo siku zote aliizima mara tu yule mwanamke alipoanza kusema. Mimi niliiacha iendelee, nikainama hadi sikio likagusa kitambaa cha spika. Mwanamke alisema kwa uchovu, kwa mbali: No, mi niño. No.

Nilimfungulia mlango. Alikuwa amesimama pale pale, mgongo ukutani.

"Hakuombi," nikamwambia. "Wala hatoi habari. Anabishana. Kuna mtu amemwambia kwamba hurudi, naye anasema anarudi. Mama anarudi! Na yule bibi anamjibu hapana, mwanangu."

Dahabo hakulia. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika juu ya ile hapana. Nikasema nina hakika. Akaingia, akaitoa kaseti, akaitia kwenye sanduku la bati. "Basi mwanangu amekuwa akinipigania peke yake," akasema, "na mimi nimekaa hapa nasikiliza."

Mjini kulikuwa na duka moja lenye simu ya kupiga nchi za nje. Nyaya zilikuwa zimerudishwa karibuni, na watu walijaa wakitafuta jamaa zao walioko ng'ambo. Dahabo alikuwa amevaa nguo yake ya Idi. Nambari aliijua kwa moyo miaka yote ile, ya duka la dawa lililokuwa kwenye kona ya mtaa wa mama mkwe wake, na hakuwahi kuipiga. Sasa nikajua alichomwambia Eeddo kwamba anakiogopa: aliogopa simu yenyewe kupokewa. Mwenye duka akatupa kijumba cha mbao chenye kiti kimoja, nikabanwa humo pamoja naye, kipokezi kikiwa kati ya masikio yetu. Mwanamume alijibu upande wa pili. Dahabo akamtaja bibi, akamtaja mtoto. Yule bwana akasema kwa heshima, na sauti iliyoanza kutetemeka, vuelva a llamar, piga tena baada ya muda kidogo, namtuma mtu akamwite.

Tulingoja kwenye benchi. Nje ngamia walikuwa wakipitishwa kwenda sokoni, miguu yao ikitoa mlio wa majimaji kwenye tope. Dahabo aliyataja magonjwa yao mmoja mmoja, kwa Kihispania, chini kwa chini, ili asifikirie. Tulipopiga tena simu ilinyanyuliwa haraka, na mvulana anayehema, mtu aliyekimbia, akasema, "¿Oigo?" Nasikia. Ndivyo wanavyojibu simu kule.

"Yoel," akasema Dahabo. "Soy tu mamá." Mimi ni mama yako.

Ikaja ile sauti, imekua, lakini nilikuwa naijua kuliko sauti za ndugu zangu. Ilisema kwa adabu, kama anavyosemeshwa mtu aliyekosea nambari: "Mi mamá se murió." Mama yangu alikufa.

Dahabo alifumba macho. Nilitegemea aseme vuelvo, narudi. Lilikuwa neno jepesi na mtoto angelipenda. Hakulisema. Hakuwa na njia ya kurudi na hakutaka kumpa mtoto yule neno jingine la kupigania. "Nani alikuambia?" akauliza. Bibi, akasema. Alimwambia zamani, ili aache kungoja. "Estoy viva," Dahabo akamwambia. Niko hai. Niko mbali sana, sijui nitafikaje, lakini niko hai, mwanangu, nakula, nalala, natibu mbuzi. Nyuma ya mvulana mwanamke mzee alikuwa ameanza kulia na kumwomba Mungu, na mtu akawa anamtuliza.

"Wewe siye," Yoel akasema mwishowe. "Sauti siijui." Ilikuwa kweli, angeijuaje? Dahabo aliondoa kipokezi sikioni, akakisukuma mkononi mwangu, na kwa macho akaniomba niseme. Sikuwahi kusema lugha ile na mtu mwingine yeyote duniani. Nikamwambia mimi ni Shukri, jirani. Nikamwambia mama yako ni mrefu, ana alama ya kisu kwenye dole gumba, leo amevaa nguo ya kijani na hina mkononi, kilemba chake kimelegea upande mmoja na hajui.

"¿Está ahí de verdad?" akauliza. Yuko hapo kweli?

Niliweka mkono wangu begani kwa Dahabo, nikalishika bega lile kwa nguvu, lilikuwa na joto.

"Sí," nikamwambia. "La estoy tocando." Ndiyo. Ninamgusa.